Pedi mpya ya Xbox inashindwa na gemu za 2005, pedi ya 15,000 inapeta. Anayebisha aje na maelezo

#1 Banda la Mikindani
Wakuu, habari zenu. Nina kibanda cha gemu huku Mikindani. Kompyuta ni za mezani, za mtumba, zina Windows 10, na gemu ni zile ambazo wateja wamegoma kuziacha: PES 6, GTA San Andreas na Need for Speed Most Wanted ya 2005. Miaka yote natumia pedi za waya za 15,000, zile zilizoiga pedi ya PlayStation 2. Zinakufa haraka, ila zikiwa hai hazina maneno.

Sasa shemeji kashuka kutoka Dar na pedi mbili za Xbox, mpya kabisa. Nikasema leo banda linapanda daraja. Kilichotokea ni hiki.

PES 6, batani zimehama, unataka shuti inatoka pasi. San Andreas, ukibonyeza RT (kile cha nyuma kulia, cha kidole cha shahada) kamera inazunguka, na stiki ya kulia inafanya mambo yake. Most Wanted, ukishika gesi na breki pamoja gari linakufa ganzi, na pedi haitetemi hata ukigonga ukuta. Kubwa kuliko yote, gari linavuta kushoto lenyewe na hakuna aliyegusa stiki.

Hoja yangu: pedi za kisasa ni za gemu za kisasa. Gemu za zamani waachieni pedi za zamani. Anayebisha karibu, matusi aache kwao.

#2 Sindimba88
Nimekaa pale chini ya mkorosho. Wajuzi wakianza mniamshe.

#3 Dada wa Ndoro
Shemeji wa hivyo anapatikana wapi? Wa kwangu akija Lindi anaondoka na korosho zetu tu.

#4 Fundi Chikongola
Mkuu #1, pedi haina kosa na gemu hazina kosa. Hazijuani tu.

Gemu zako zinasoma pedi kwa njia inayoitwa DirectInput, ya Microsoft, ya tangu enzi za Windows 95. Njia hiyo haijali pedi ina umbo gani. Yenyewe inaona mihimili (mistari ya kusogea, kama kushoto na kulia) na batani zenye namba, basi. Xbox 360 ilipotoka mwishoni mwa 2005 ikaja na njia nyingine, XInput, ambayo pedi zote zina umbo moja: A ni A, RT ni RT, huulizi. San Andreas ya kompyuta ilitoka Juni 2005, yaani ilishafika mjini kabla XInput haijazaliwa. Haiwezi kuongea nayo.

Ili gemu kama hizo zisikose pedi kabisa, Windows inaiweka pedi ya Xbox kwenye DirectInput pia, lakini kwa masharti. LT (mwenzake RT, wa kushoto) na RT zinakaa kwenye mhimili mmoja, na mtetemo haupiti. Hapo matatizo yako mawili yameshapata maelezo.

Jaribu hivi: bonyeza Win na R, andika joy.cpl, chagua pedi, fungua sehemu ya majaribio. Bonyeza RT, mstari wa mhimili wa Z utakwenda upande mmoja. Bonyeza LT, utakwenda upande wa pili. Shika zote mbili uone.

#5 Banda la Mikindani
Nimejaribu sasa hivi. Nikizishika zote mbili mstari unarudi katikati kama vile sijagusa kitu. Sasa nani alikaa mezani akaamua ujinga huo?

#6 Mwalimu wa Ruangwa
Siyo ujinga, Banda. Gemu za zamani zilijengwa zikiamini kwamba mhimili wowote ukiachwa unatulia katikati, kama stiki. LT na RT zikiachwa hazikai katikati, zinakaa chini kabisa. Kila moja ingepewa mhimili wake, gemu ya zamani ingeona kuna mtu kashikilia kitu muda wote. Wangekupa gari linalorudi nyuma lenyewe kuanzia kwenye menyu. Wakaamua kuziunganisha, moja upande wa chanya na nyingine upande wa hasi, ukiziacha zote jibu ni sifuri katikati. Microsoft wenyewe wameeleza hivyo kwenye maelezo yao kwa waandika programu.

Na kamera ya San Andreas ni ukoo huo huo. Pedi za mfano wa PlayStation zinapeleka stiki ya kulia kwenye mhimili wa Z na ule wa kuzunguka Z. Pedi ya Xbox imeweka LT na RT hapo kwenye Z, stiki ya kulia ikahamia kwingine. Gemu inatafuta stiki, inakuta kidole chako kiko kwenye gesi.

#7 Mtoto wa Bandari
Mnaandika magazeti. Shusha x360ce, weka kwenye folda ya gemu, kwisha habari.

#8 Fundi Chikongola
#7 hapana. x360ce inafanya kazi kwa upande wa pili: inaichukua pedi ya 15,000 na kuifanya ionekane kama ya Xbox 360, ili gemu *mpya* iikubali. Mwenye uzi ana pedi mpya na gemu ya zamani. Anayehitaji kitu cha kinyume aitafute Xidi, hiyo inakaa katikati, inaisoma pedi kwa XInput na kuikabidhi kwa gemu kama DirectInput, LT na RT zikiwa zimeachana.

#9 Mtoto wa Bandari
Mimi x360ce imenifanyia kazi, siongei kwa kusikia.

#10 Fundi Chikongola
Gemu gani?

#11 Mtoto wa Bandari
FIFA 14.

#12 Fundi Chikongola
Ya 2013 hiyo. Tunazungumza wazee hapa, wewe umeleta mtoto.

#13 Mchezaji wa Akiba
Kuhusu shuti kugeuka pasi hamjasema kitu, na mimi nimeumia nayo sana kule Masasi.

DirectInput inahesabu batani kwa namba, na kila mtengenezaji kaanza kuhesabu anapotaka. Pedi nyingi za waya za mfano wa PS2: pembetatu ni 1, duara 2, msalaba 3, mraba 4. Pedi ya PS4: mraba 1, msalaba 2, duara 3, pembetatu 4. Ya Xbox: A 1, B 2, X 3, Y 4. Kama ulishapanga pasi iwe batani namba 3, kwenye pedi yako ya zamani huo ni msalaba, chini. Kwenye Xbox namba 3 ni X, kushoto, pale pale kidole chako kilipozoea shuti. Kwenye PS4 ni duara. Gemu haina habari, inajua 3.

Dawa: kwenye folda ya PES 6 kuna programu ya mipangilio nje ya gemu yenyewe. Fungua hiyo, panga batani upya, hifadhi. Na pedi ichomeke *kabla* ya kuwasha gemu. Nyingi za enzi hizo zinahesabu pedi mara moja tu mwanzoni. Ukichomeka katikati, hewa.

#14 Banda la Mikindani
#13 asante sana, PES 6 imekaa sawa. Watoto wamepiga mechi hadi nimewafukuza.

#15 Sindimba88
Kwa hiyo hoja ya #1 imekufa dakika za mwanzo?

#16 Banda la Mikindani
Haijafa. Leo nimefungua banda, batani zimerudi zilivyokuwa. Shuti ni pasi tena. Niliwaambia.

#17 Mwalimu wa Ruangwa
Gemu ipo ndani ya Program Files? Kuanzia Windows Vista, programu ya zamani ikitaka kuandika humo bila ruhusa ya msimamizi, Windows inaipeleka pembeni kwenye folda iitwayo VirtualStore. Ukifungua mipangilio kama msimamizi, halafu gemu ukaifungua kawaida, kila moja inasoma faili lake. Hamisha gemu nzima kwenye C:\Gemu.

#18 Mchezaji wa Akiba
Siamini kama ni hilo. Ana pedi mbili za Xbox na za waya pia, nani anajua asubuhi ipi ilichomekwa wapi. Ukibadilisha tundu la USB mpangilio wa pedi unaweza kubadilika, ya kwanza ikawa ya pili. Kwenye joy.cpl kuna kitufe cha mipangilio ya ziada, humo unachagua pedi ya kutumiwa na programu za zamani.

#19 Kaka wa Newala
Au kuna mtoto kaingia kwenye mipangilio akabadilisha. Nina banda pia. Usimtafute mchawi mbali.

#20 Mzee wa Diski Laini
Vijana mnalalamika mkiwa mmeshiba. Sisi tulianza na tundu la pini 15 nyuma ya kompyuta, kadi ya IBM ya 1981. Mihimili minne, batani nne, imeisha. Wachezaji wawili mkigawana, kila mtu mihimili miwili na batani mbili.

Na kompyuta haikuwa inasoma stiki, ilikuwa *inaisubiri*. Ndani ya stiki kuna ukinzani unaobadilika ukisogeza, kwenye kadi kuna kapasita. Programu inaanzisha, halafu inahesabu inachukua muda gani kapasita kujaa. Muda mrefu, stiki iko kulia. Muda mfupi, iko kushoto. Sasa nunua kompyuta yenye kasi zaidi: inahesabu haraka, namba zote zinabadilika, gemu inadhani stiki imekwenda mwisho wa dunia. Ndiyo maana kila gemu ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, ilikuwa inakuamuru: sogeza juu kushoto bonyeza, sogeza chini kulia bonyeza. USB ilipokuja 1998 tukapumua.

#21 Dada wa Ndoro
Shikamoo mzee.

#22 Mwalimu wa Ruangwa
Shikamoo mzee. Kidogo tu: USB ya kwanza ilitangazwa Januari 1996. 1998 ni toleo la 1.1, na Windows 98.

#23 Mzee wa Diski Laini
Marahaba wote. 1996 kwenye makaratasi yao huko Marekani, Mwalimu. Lindi ilifika ilipofika.

#24 Kaka wa Newala
Mzee, na gemu za DOS leo unachezaje?

#25 Mzee wa Diski Laini
DOSBox. Hiyo inaigiza lile tundu la zamani, pedi yoyote ya USB inaonekana kama stiki ya pini 15. Ctrl na F1 unafungua sehemu ya kupanga batani. Kwenye faili la mipangilio kuna mstari wa joysticktype, unachagua mihimili miwili au minne. Na kuna mstari wa timed. Stiki ikikimbia yenyewe badilisha hiyo iwe false, waandishi wenyewe wameandika pembeni kwamba ni ya kujaribu jaribu. Mimi naendesha ndege humo kwa pedi ya kisasa kabisa na sijapata ajali. Kwa hiyo hoja ya mwenye uzi siiungi mkono.

#26 Pweza Mkavu
Turudi kwenye gari kuvuta kushoto, mmelikimbia. Hilo halina DirectInput wala nini. Ni chumvi. Banda liko Mikindani, bahari iko pale unatupa jiwe. Hewa ya chumvi na unyevu vinaingia ndani ya stiki, vinakula njia za umeme, kati inahama. Pedi za banda la binamu yangu pale Shangani zote zinaishia hivyo.

#27 Fundi Chikongola
Pedi zake ni mpya, Pweza. Chumvi inafanya kazi, sikatai, nafungua vitu hapa naona kijani ndani. Lakini haimalizi pedi kabla haijazoeleka mkononi. Kinachoua stiki kwa kawaida ni msuguano: ndani kuna utepe wa kaboni na kijiti kinachosugua juu yake, unga wa kaboni unajaa, usomaji unaruka. Zipo stiki za sumaku ambazo hazisugui kitu, hizo zinadumu zaidi.

#28 Pweza Mkavu
Mpya za Dar, fundi. Ulizifungua ukaziona?

#29 Mwalimu wa Ruangwa
Nyote mnatafuta ugonjwa kwa mtu mzima. Hakuna stiki inayorudi katikati kamili, hata ikitoka kiwandani leo. Gemu za XInput zinajua hilo, zinaacha eneo la katikati lisilohesabiwa. Microsoft wenyewe wamependekeza 7849 kati ya 32767 kwa stiki ya kushoto na 8689 kwa ya kulia. Piga hesabu: karibu robo ya safari ya stiki inatupwa ili mkono upumzike. Gemu ya zamani ikisoma DirectInput bila kuacha eneo la kutosha, kale kahitilafu kadogo kanakuwa usukani. Pedi ya 15,000 ina stiki butu, haina huo usikivu, ndiyo maana inaonekana tulivu.

#30 Mchezaji wa Akiba
Stiki butu? Ya kwangu ya waya ukiigusa tu mchezaji anakimbia hadi Newala.

#31 Kaka wa Newala
Tuachie wilaya yetu.

#32 Banda la Mikindani
Nimefanya mambo mawili. Kwanza nimepima stiki upya kwenye joy.cpl, alama ya msalaba imetulia katikati kabisa, lakini kwenye Most Wanted gari bado linavuta. Pili nimeichukua pedi ile ile nikaichomeka kompyuta ya jirani, gemu ile ile, waya ule ule. Halivuti. Haya, Pweza, chumvi imebaki kwenye meza?

#33 Pweza Mkavu
Tundu la USB limeliwa na chumvi. Chomeka pengine.

#34 Sindimba88
Pweza hakubali kufa hahaha.

#35 Fundi Chikongola
Hiyo ya jirani imenifungua macho. Banda, hapo kwako kibodi na mausi ni za waya au zina kale kakipokeo ka USB? Kuna vipokeo na kibodi ambazo Windows inaziona kama kifaa cha gemu pia, na hakuna aliyezigusa lakini zinapeleka mhimili ulioegemea upande. Gemu ya zamani inasikiliza kila kifaa kilichojiandikisha. Angalia kwenye orodha ya joy.cpl, kuna jina usilolijua?

#36 Dada wa Ndoro
Kuna kitu kinafanana na hicho. Kaka yangu Nachingwea ana pedi ya PS4, kaweka DS4Windows ili gemu ziione kama ya Xbox. Akibonyeza chini mara moja, menyu inashuka mara mbili. Alidhani batani imeharibika akataka kuifungua. Kumbe gemu inaziona pedi mbili, ile halisi na ile ya kuigizwa, na zote zinasema "chini". Akawekewa programu inaitwa HidHide, inaificha ile halisi. Imepona.

#37 Mtoto wa Bandari
Banda, DS4Windows unayo?

#38 Banda la Mikindani
Sina, na pedi siyo ya PS4, soma uzi.

#39 Kaka wa Newala
Kuhusu stiki kukimbia, mimi huwa naisafisha kwa pafyumu. Inanukia na inapona.

#40 Fundi Chikongola
Pafyumu ina mafuta, itanata baada ya wiki. Tafuta spiriti safi ya dukani ya asilimia kubwa, na uchomoe betri kwanza. Na anayefikiria mafuta ya taa, asiniletee pedi yake.

#41 Mchezaji wa Akiba
Kwa San Andreas kuna njia fupi, hamjaitaja. GInput, kafaili kadogo kalikoandikwa na mtu anayejiita Silent, kapo ka GTA III, Vice City na San Andreas. Kanaifanya gemu isome XInput moja kwa moja: kamera inatulia, LT na RT zinaachana, na mtetemo unarudi. Kwa Need for Speed za miaka ile kuna XtendedInput, kazi hiyo hiyo. Hivyo gemu inafundishwa lugha ya pedi badala ya pedi kubebeshwa lugha ya gemu.

#42 Mtoto wa Bandari
Si bora kuweka Steam, ile programu ya duka la gemu? Unaongeza gemu isiyo ya Steam, inapanga batani yenyewe.

#43 Banda la Mikindani
Steam na bando langu hili? Inajisasisha yenyewe hadi asubuhi. Nipeni faili dogo. Ngoja korosho zilipwe ndipo mniambie Steam.

#44 Kaka wa Newala
Mnada ukiwa mzuri banda lako litajaa hata pedi zikiwa za mbao.

#45 Mzee wa Diski Laini
Wenye bando dogo watumie AntiMicroX. Ni bure, ni nyepesi, inageuza batani za pedi kuwa vitufe vya kibodi. Gemu inadhani unatumia kibodi. Hata gemu ambayo haijawahi kusikia neno pedi inakubali.

#46 Mwalimu wa Ruangwa
Kweli mzee, ila kwa gari siyo nzuri. Kibodi ni bonyeza au acha. Usukani wa taratibu unaupoteza, kila kona unageuza hadi mwisho.

#47 Mzee wa Diski Laini
Wanangu waliendesha Most Wanted kwa mishale ya kibodi wakamaliza wapinzani wote.

#48 Dada wa Ndoro
Kuna mtu anaweza kunisaidia CD yangu ya gemu ya zamani haifunguki kabisa kwenye Windows 10? Pedi naiona, gemu siioni.

#49 Mwalimu wa Ruangwa
Kama ina SafeDisc, ule ulinzi wa kuzuia CD isinakiliwe, ndiyo basi. Draiva yake haimo ndani ya Windows 10, waliiondoa kwa sababu za usalama. Tafuta toleo linalouzwa upya kwenye mtandao bila ulinzi huo.

#50 Sindimba88
Banda, hiyo PES 6 ina Namungo?

#51 Banda la Mikindani
Nimewatengeneza mwenyewe kwenye sehemu ya kuhariri, jezi na majina. Simba na Yanga wapo pia. Namungo nimewapa kasi zaidi kidogo, wateja wa Lindi wakija wasilie.

#52 Mwalimu wa Ruangwa
Sasa umeongea. Huu uzi nautetea hadi mwisho.

#53 Pweza Mkavu
Upendeleo huo ndio unavuta gari kushoto.

#54 Banda la Mikindani
Taarifa: GInput imekubali, San Andreas haina shida tena. XtendedInput gesi na breki zimeachana, mtetemo upo, mtoto mmoja kashtuka akaiangusha pedi. Kuvuta kushoto kumepungua lakini hakujaisha, kunakuja na kuondoka. Kwenye orodha ya joy.cpl kweli kuna jina nisilolijua, lakini kibodi yangu ni ya waya.

#55 Mwalimu wa Ruangwa
Kumepungua kwa sababu sasa inasoma XInput na kuna eneo la katikati. Liongeze kwenye faili la mipangilio, litakwisha.

#56 Fundi Chikongola
Kungekuwa ni eneo la katikati kusingekuja na kuondoka. Ni hilo jina. Hata kibodi ya waya inaweza kujiandikisha. Ichomoe kabla ya kuwasha gemu, utumie pedi peke yake, utuambie.

#57 Pweza Mkavu
Inakuja upepo ukitoka baharini, inaondoka ukigeuka. Andikeni saa mtaona.

#58 Banda la Mikindani
Umeme umekatika huku. Ukirudi nachomoa kibodi.

#59 Mtoto wa Bandari
Samahani wakuu, hiyo GInput inafanya kazi kwenye FIFA 14?

#60 Fundi Chikongola
Hapana.